Ushuru wa mbao uwafikie vijana wa kambini

Nauza mbao Makambako. Ninalotaka kusema leo halitawafurahisha wenzangu wenye yadi, wala waheshimiwa madiwani: sehemu ya ushuru tunaotozwa kila gari la mbao linapopita kizuizini itengwe, iandikwe kwenye bajeti kwa jina lake, na ilipe vikundi vya vijana wanaozuia maambukizi ya VVU kambini, stendi na mitaani kwetu. Sizungumzii tozo mpya. Droo yangu imejaa risiti za halmashauri, za Wakala wa Huduma za Misitu, za TRA, na hati za kusafirishia zenye mihuri ya kila rangi. Hela imeshatoka mfukoni mwetu. Nauliza tu inakwenda wapi ikishavuka kizuizi.

Takwimu zetu zinajulikana. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulionyesha kuwa kwa watu wa miaka 15 na kuendelea, maambukizi nchini ni asilimia 4.4. Mkoa wetu wa Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Kigoma ni 1.7. Maana yake ni kwamba hapa kwetu karibu mtu mzima mmoja katika kila wanane anaishi na virusi. Kila Desemba mosi namba hizi husomwa jukwaani, ngoma zikapigwa, mgeni rasmi akatuasa tubadili tabia, kisha sote tukarudi makazini.

Wageni wakizisikia hutafuta sababu kwenye hali ya hewa. Njombe baridi, wanasema, na wanacheka. Wengine wanalaumu ulanzi, na sikatai kwamba mvua zikishika na mianzi ikaanza kutoa, kuna ulanzi mkangafu unaonyweka tangu asubuhi, na kilabuni huamuliwa mambo ambayo yasingeamuliwa mtu akiwa na akili zake zote. Lakini Kilimanjaro nao wana baridi yao na mbege yao, na hawamo kwenye mikoa mitatu ya juu. Kinachotutofautisha sisi ni namna watu wetu wanavyotafuta riziki. Wanaume wa Makete kwa miaka mingi wamekwenda kwenye mashamba ya chai na misitu ya Mufindi, au kufanya biashara miji ya mbali, wakarudi nyumbani kwa vipindi. Wilaya hiyo ndiyo iliyokuja kujulikana nchi nzima kwa nyumba za bibi na wajukuu. Barabara ya TANZAM inapita katikati ya mji wetu, ya Songea inachepukia hapahapa, TAZARA ina stesheni yake, na malori ya Zambia na Kongo yanalala kwetu. Msichana wa Ludewa au Wanging'ombe akimaliza kidato cha nne bila pa kwenda, mji wa kwanza wenye kazi ni huu. Na kazi ya kwanza atakayoipata ni ya mgahawani, baa, au kupika kambini.

Kambi ndiyo ninayoifahamu, kwa hiyo nikae hapo kidogo. Mtu akiuza shamba lake la misindano au milingoti, mnunuzi anapeleka mashine, ile tunayoiita dingdong, na vijana kati ya kumi na ishirini wanakwenda kulala huko mpaka miti iishe. Vibanda ni vya mabanzi na turubai. Zahanati ya karibu inaweza kuwa mwendo wa nusu siku kwa mguu, na bodaboda ya kwenda na kurudi inameza ujira wa siku. Wachana mbao wanalipwa kwa idadi ya mbao, tena kwa mkupuo: wiki mbili hakuna kitu, Jumamosi moja mifuko imejaa. Katikati ya siku hizo wanakula kwa daftari la mpishi.

Mpishi mara nyingi ni binti wa miaka kumi na tisa au ishirini, ambaye naye amechukua unga, maharage na mafuta kwa mkopo kwenye duka la kijijini. Mwenye mashine akichelewesha malipo, anayebanwa na mwenye duka ni huyo binti. Nimekaa juu ya magogo kwenye kambi za namna hiyo nikisubiri mzigo wangu, nikaona msimamizi anavyojitolea kumlipia binti deni la duka, na hakuna asiyejua pale kambini kwamba msaada huo unadaiwa usiku. Mpe binti huyo semina ya siku mbili kuhusu kusema hapana. Atakusikiliza kwa adabu, atasaini karatasi ya posho, na jioni atarudi kwenye daftari lake.

Hizo semina tumeziona. Ukumbi wa kukodi, maji ya chupa, fulana zenye ujumbe mgongoni, picha ya pamoja, na ripoti inayosema vijana mia kadhaa wamefikiwa. Wengi wa waliofikiwa ni walewale wa semina iliyopita, kwa kuwa ndio wanaoishi karibu na ukumbi na ndio wenye simu inayopokelewa. Hakuna mchana mbao aliyeshuka kutoka msituni siku ya kazi akaja kukaa ukumbini.

Kuna kikundi cha vijana mtaani kwetu kilichoelewa jambo hili mapema. Sitakitaja jina kwa kuwa wenyewe hawakuniomba. Wako kumi na wawili, wamesajiliwa kwa afisa maendeleo ya jamii kama kikundi cha kitalu cha miche, na miche ndiyo inayowaweka mjini. Mbegu za parachichi za kienyeji wanaziokota sokoni na kwa mama lishe, wanazipanda kwenye viriba, shina likifikia unene wa penseli wanalibebesha kikonyo cha Hass na kulifunga kwa nailoni. Tangu parachichi zianze kununuliwa na makampuni ya kusafirisha nje, miche iliyobebeshwa haikai. Sasa, kubebesha ni kazi ya kukaa kitako. Mikono ina shughuli, mdomo uko huru, na huna haja ya kumtazama mwenzako usoni unapomwuliza jambo la aibu.

Nilikwenda kununua miche ya kupanda nyuma ya yadi. "Kamwene, mama." "Kamwene." Nikapewa kigoda. Binti mmoja alikuwa akimweleza mwenzake mgeni namna ya kutumia kipimo cha kujipima mwenyewe: unapitisha kijiti kwenye fizi, ya juu na ya chini, unakitia kwenye kichupa chenye maji yake, unasubiri dakika ishirini bila kukigusagusa, ukiona mistari miwili hujahukumiwa, umeambiwa uende kituoni ukapimwe tena kwa damu. Muda wote huo hakuacha kufunga nailoni. Mgeni akauliza kama ni lazima mama yake ajue. Akajibiwa kwamba sheria ilibadilishwa mwaka 2019; mwenye miaka kumi na mitano anaweza kuridhia mwenyewe kupimwa, na kujipima kumeruhusiwa. Kitinda mimba wangu ana umri huohuo. Nilimeza mate, nikajifanya nachagua miche.

Jumamosi za malipo wawili au watatu kati yao wanapanda bodaboda kwenda kambini, na wanahakikisha wanafika kabla ya mwenye mashine. Wanabeba kondomu kwenye mfuko wa sandarusi uliowahi kuwa na sukari, vipimo vya kituo cha afya kama vipo, na ubao wa drafti. Drafti ndiyo inayowakalisha watu. Katikati ya mchezo swali linaingia: nani tarehe yake ya CTC, kliniki ya dawa za VVU, imepita? Hawaulizi kwa sauti, na hawaulizi mbele ya msimamizi. Kijana aliyeandikishwa kliniki ya Makete ambaye sasa anachana mbao Lupembe hawezi kurudi nyumbani kila tarehe ikifika. Anahitaji barua ya uhamisho, au apewe dawa za miezi mitatu au sita kwa mara moja. Taratibu za kliniki zinayaruhusu yote mawili, ila lazima apatikane mtu wa kuyafuatilia, kwa sababu mwenyewe anaona aibu kurudi kituoni baada ya kupotea. Anayemeza dawa za kufubaza ipasavyo hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Kwa hiyo barua ile ya uhamisho nayo ni kinga, na kuiandika hakuhitaji gari la mradi.

Na lile daftari la mpishi? Kikundi kilianzisha akiba ya hisa, sanduku lenye kufuli tatu kama VICOBA vingine, na wapishi wa kambi wakawa miongoni mwa wa kwanza kujiunga. Binti anakopa kwenye sanduku, ananunua unga kwa bei ya jumla Makambako mjini, anarejesha mkopo vijana wakishalipwa. Msimamizi anabaki na usimamizi wake.

Mtu wa takwimu ataniuliza ushahidi, maana kikundi kimoja cha mtaani hakithibitishi kitu. Haki yake. Jirani zetu wa Iringa walifanyiwa utafiti ulioitwa Shikamana, uliohusisha wanawake 496 wanaofanya biashara ya ngono katika jamii mbili. Katika jamii moja wanawake wenyewe walipata kituo chao cha kukutana, waelimishaji waliotoka miongoni mwao, watu wa kuwasindikiza kliniki, na wahudumu wa afya na polisi wakafunzwa namna ya kuwapokea bila kuwadhalilisha. Jamii ya pili iliendelea na huduma za kawaida. Matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha kuwa baada ya miezi 18 walioambukizwa upya katika jamii ya kwanza walikuwa asilimia 5, katika ya pili asilimia 10.4. Serikali yetu nayo kupitia TASAF iliendesha mpango wa Ujana Salama katika halmashauri za Mufindi, Mafinga, Rungwe na Busokelo: vijana wa miaka 14 hadi 19 kutoka kaya maskini walifundishwa stadi za maisha, afya ya uzazi na kuendesha mradi mdogo, wakapewa mlezi na ruzuku ya kuanzia. Walioubuni waliona jambo lilelile analoliona mpishi wa kambi, kwamba ushauri bila senti mfukoni haufiki mbali.

Naongeza la tohara kwa kuwa watu wameshalisahau. Ilipoletwa tohara ya kitabibu mikoa hii, kampeni kubwa zikianza 2010, wapo waliosema Wahehe, Wabena na Wakinga hawataikubali kwa kuwa si mila yao. Waliopanga wakasikiliza wenyeji, wakaiweka miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, kwa sababu hapa watu wanaamini kidonda kinapona vizuri wakati huo. Foleni zikajaa vijana. Tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa takribani asilimia 60. Kalenda ya wenyeji ilifanya kazi ambayo mabango yasingeiweza, na Jumamosi ya malipo ni kalenda ya aina hiyohiyo.

Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Siku chache baadaye ukatolewa msamaha kwa huduma za kuokoa maisha: dawa za kufubaza ziendelee, na kuzuia maambukizi ya mama kwenda kwa mtoto kuendelee. Kinga kwa vijana haikuwamo. Dawa kinga, zile anazomeza mtu asiye na virusi ili asiambukizwe, zikaruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Binti anayepika kambini, asiye mjamzito na asiyenyonyesha, akawa hayumo. Nauli za kikundi na sehemu ya vipimo zilikuwa zinapitia kwenye mradi mmoja uliotegemea fedha hizo. Ofisi ikafungwa, kompyuta zikaingia kwenye maboksi, na vijana hawakuandikiwa hata barua ya kuwaaga. Walijua mradi umeisha pale dereva aliyekuwa akiwaletea mafuta ya bodaboda alipokuja kuaga kwa sababu anakwenda kuendesha daladala.

Sitawatukana Wamarekani. PEPFAR, iliyoanza 2003, imelipa sehemu kubwa ya mapambano haya, na ninawafahamu watu wanaolima na kulea leo kwa sababu yake. Nchi yetu nayo haikukaa bure: Mfuko wa UKIMWI ulianzishwa kisheria 2015, na bajeti ya 2025/26 ikaleta tozo ndogondogo, mojawapo kwenye mafuta ya magari, za kuukuza. Hofu yangu ni nyingine. Hela ikiwa haba, kidonge kina mtetezi. Mgonjwa yupo, faili lake liko kabatini, akikosa dawa atalalamika na gazeti litaandika. Kijana ambaye hakuambukizwa mwaka huu hana faili, hajui hata kwamba aliponea chupuchupu, na hatakwenda kumlalamikia mtu.

Najua jibu la kwanza nitakalopewa halmashauri: vijana wana asilimia nne yao. Ni kweli. Katika asilimia kumi ya mapato ya ndani ya kila halmashauri, nne ni za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu, na hazina riba. Ulikuwa uamuzi mzuri. Mikopo hiyo ilisitishwa 2023 baada ya usimamizi wake kulalamikiwa sana, ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya, na kile kikundi cha kitalu nacho kimeomba. Lakini ni mkopo. Miche ya parachichi inaweza kuulipa. Kwenda Lupembe Jumamosi na ubao wa drafti hakuleti marejesho. Tukiwaambia vijana wafanye kinga kwa hela ya mkopo, tunawaambia waiache, na watu wenye akili wataiacha.

Kinachotakiwa ni mkataba. Halmashauri inanunua huduma ya kuzoa taka kwa mzabuni, inamlipa, akizembea inamfukuza. Inunue na hii. Hesabu yangu ni ya mtu wa yadi: vijana kumi na wawili kwa posho ya shilingi 60,000 kila mmoja ni 720,000 kwa mwezi, yaani 8,640,000 kwa mwaka. Nauli ya fuso moja la mbao kwenda Dar es Salaam inazidi posho yao ya mwezi mzima. Ongeza mafuta ya bodaboda na daftari la kumbukumbu, bado ni fungu ambalo ushuru wa msimu mmoja hautalihisi.

Watakula hela, ananiambia jirani yangu wa yadi ya pili. Inawezekana. Mbona hata kizuizini zinaliwa, na hajawahi kupendekeza kizuizi kiondolewe? Walipwe kila robo mwaka baada ya kazi kuonekana. Konga ya watu wanaoishi na VVU iwakague, kwa sababu wao ndio wanaojua nani alirudishwa kliniki na nani aliandikwa tu kwenye karatasi. Wasipimwe kwa idadi ya waliofikiwa. Neno hilo limeshatugharimu. Tuulize ni wangapi waliopotea wamerudi kwenye dawa, ni kambi ngapi zimetembelewa siku ya malipo, ni wapishi wangapi wana hisa kwenye sanduku. Majibu yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa, pembeni ya majina ya wadaiwa wa maji.

Suala la kondomu na kanisa nalipita haraka kwa sababu limezungumzwa miaka arobaini. Mimi ni mwanakwaya wa Kilutheri, na najua viti vinavyosogea neno hilo likitajwa. Lakini hospitali za makanisa yetu, Ilembula, Ikonda, Bulongwa, zimewauguza watu wetu tangu siku ambazo dawa hazikuwapo. Hakuna anayemwomba mchungaji agawe kondomu. Anaombwa dakika moja ya matangazo baada ya ibada, vijana waseme kitalu kiko wapi.

Wenzangu wa mbao nao wana la kufanya ambalo halihitaji Baraza la Madiwani. Chanzo cha deni la mpishi ni sisi. Tunamchelewesha mwenye mashine, naye anawachelewesha vijana, na vijana wanakula kwa binti ambaye hana mtu wa kumchelewesha. Kwangu mkataba na mwenye mashine sasa una kifungu cha chakula: nalipa mwenyewe duka la kijijini kila Jumatatu na nakata kwenye bei ya mbao. Wenye yadi wawili wameiga. Wa tatu anasema nawaharibia soko.

Makisio ya bajeti ya halmashauri hupita kwa madiwani mapema mwaka, kabla ya kwenda Dodoma. Nimempelekea diwani wangu ile hesabu ya 8,640,000 kwa maandishi, nikaambatanisha nakala za risiti zangu za ushuru wa msimu uliopita ili aone inakotoka. Amenipigia simu akauliza iingie kifungu cha Afya au cha Maendeleo ya Jamii. Nimemwambia aiingize popote atakapopata saini.